Alama Moja

Misimu kumi na tisa nilimshikia spana.
Mimi ni fundi; sikuwahi kuingia uwanjani
ila kwa magoti, tyubu mkononi,
refa akiitazama saa yake kana kwamba nimeiiba.

Halszka Wirkus, jezi namba kumi na mbili, timu ya Elbląg,
kaskazini mwa Polandi, ambako theluji ya Februari
huingia ukumbini imeng'ang'ania matairi
na kuyeyuka polepole chini ya benchi.

Alianguka akiwa na miaka kumi na sita
kutoka kwenye ngazi, bustanini kwa mjomba wake.
Mjomba alipiga kelele. Shangazi aliinama
akaanza kuokota cheri, moja moja, akizirudisha ndooni.
"Simlaumu," Halszka husema.
"Mikono yake haikujua ifanye nini."

Katika mchezo huu mwili hupewa bei.
Awezaye kuinama na kuinuka kitini, alama nne na nusu.
Asiyehisi kitu chini ya kifua, alama moja.
Watano wakiwa uwanjani, jumla isizidi kumi na nne na nusu.
Siku alipopimwa alitoka chumbani anacheka:
"Mimi ndiye rahisi kuliko wote. Nunueni!"

Wa alama moja hafungi vikapu.
Anafunga njia.
Anatangulia, kiuno kimekazwa kwa mkanda,
anakipachika kiti chake mbele ya jitu la Bydgoszcz,
chuma kwa chuma, kwaa!
mpira wa tairi unanuka kuungua,
na nyuma yake Radosław anapita peke yake
kama mtu aendaye dukani kununua mkate,
anarusha, anafunga, anashangiliwa.

Waliosema mwenye nguvu mpishe
hawakumjua Halszka.

Sukuma, sukuma, dunda.
Sukuma, sukuma, dunda.
Ndiyo sheria ya mwenye mpira.
Yeye aliishi kwenye nusu ya kwanza ya wimbo huo:
sukuma, sukuma, sukuma.

Tulisafiri kwa kigari kuukuu hadi Hanova, hadi Zaragoza.
Huko Zaragoza mlango wa bafu ulimzidi kiti
kwa wembamba wa vidole viwili.
Niliung'oa usiku kwa bisibisi,
nikaurudisha alfajiri, meneja akiwa bado anakoroma.

Msimu wa tisa, vidole vyake viwili vilisagwa
kati ya gurudumu lake na la mwingine.
Msimu wa kumi na moja, kidonda cha kukalia
kilimlaza kifudifudi miezi minne.
Nilimpelekea kanda za mechi. Alizitazama kwa shavu moja,
akiupigia mto kelele: "Kushoto! Mzibe kushoto, mpumbavu wewe!"
Muuguzi alikuja mbio, akadhani anakata roho.

Nilikuwa na daftari.
Tyubu: mia tano na kumi na nne.
Spoki: niliacha kuhesabu.
Vikapu vyake: thelathini na kimoja,
na kimoja kati ya hivyo, kusema kweli, kilimgonga kichwani
kikaingia chenyewe.

Gazeti la mji lilimwaga kwa mistari mitatu.
Jina lake walilikosea.

Mechi ya mwisho ilikuwa Aprili.
Dakika moja imebaki, tumeshapotea kwa pointi ishirini,
Radosław akamrushia mpira mapajani.
"Rusha!" ukumbi ukasema. "Rusha!" kocha akasema.
Hata wapinzani, kwa heshima, walipisha,
njia ikawa nyeupe mpaka chini ya kikapu.

Aliitazama njia ile
kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.
Akamrudishia Radosław mpira wake.
Akageuza kiti, akalitafuta lile jitu la Bydgoszcz,
sasa lina mvi, linapumua kwa mdomo,
akalipachika. Kwaa!

Filimbi iliwakuta wamekwamana,
gurudumu ndani ya gurudumu, wanacheka hawawezi kutoka.
Nikaingia kwa magoti na spana yangu.
Refa hakutazama saa.

Mpira ulikuwa wapi wakati huo, sikumbuki.